Niliuficha Uso wa Fundi, Bado Mumewe Akaja

"Samahani mama, hili ndilo kanisa lenye blogu?"

Nilicheka. Ndugu zangu, NILICHEKA!

"Ndilo lenyewe, karibu sana. Na anayeiandika ndiye mimi."

Ibada ya kwanza ilikuwa imetoka sasa hivi. Mimi nilikuwa kwenye meza ya wageni pale mlangoni, na huyu mwanamume alikuwa amesimama mbele yangu. Shati limenyooshwa pasi, viatu vinang'aa, simu mkononi.

"Hongera," akasema kwa upole. "Blogu yenu imenisaidia sana. Imenipatia mke wangu."

Nikageuka kuangalia alikokuwa anaangalia.

Kwenye ngazi alikuwa anashuka fundi wetu wa kushona. Mkono mmoja amemshika binti yake wa miaka sita, mwingine amebeba vitabu vya nyimbo.

Alipomwona yule mwanamume, vitabu vikamponyoka vyote.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alimnyanyua mtoto kama anayenyanyua ndoo, akakimbilia chumba cha darasa la watoto, nikasikia komeo... kwaa!

Yule baba akaingiza simu mfukoni taratibu. Halafu akaenda kuupiga ule mlango teke.

Moja. Mbili. Tatu.

Wanaume wanne walimshika. Hata walipomshika hakutukana. Aligeuza shingo akanitafuta mimi kwa macho.

"Asante sana, mama," akaniambia.

Mbele ya kanisa zima!

*

Sasa nirudi nyuma kidogo, mjue nilijiingizaje humu.

Mimi ni karani wa kumbukumbu kwenye zahanati. Nina stashahada ya kazi hiyo na miaka kumi na nne ya kutafuta mafaili ya watu ambao hawakumbuki hata mwaka walioletwa. Nina watoto watatu na mume mchomeleaji. Sipendi maneno mengi na sipendi vitu vinavyopotea.

Na pale kanisani kila kitu kilikuwa kinapotea.

Matangazo yalisomwa dakika ishirini na tano kila Jumapili, na ukimuuliza mtu mlangoni yamesemaje, anakwambia, "Yalikuwa mazuri." Ubao wa matangazo ulikuwa nje, mvua ikinyesha wino unatiririka. Tulishakosa mazishi ya mama mmoja kwa sababu karatasi ililowana. Watu kumi na mbili tu walifika, mama aliyefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini!

Siku hiyo nikasema basi. Nikafungua blogu ya kanisa.

Mzee wa Kengele alikataa. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye anayepiga kengele ya ibada, na akikasirika sauti yake haina tofauti na ile kengele.

"Mambo ya kanisa ni ya kanisani," alisema. "Unayaanika mtandaoni ili iweje?"

"Ili muuguzi wetu mstaafu asiyeweza kutoka kitandani asome mahubiri, mzee. Ili waliohama wajue nani amefiwa. Ili mgeni ajue ibada ni saa ngapi na njia ni ipi."

"Mgeni yupi?"

"Utamwona."

Na kweli akamwona. Mwezi wa tatu tu wa blogu, akaja fundi. Alikuwa na mtoto, mabegi mawili na uvimbe chini ya jicho uliokuwa unaelekea kupona. Aliniambia alikuwa anatafuta kwenye simu kanisa lenye darasa la watoto, mbali na alikotoka, akakutana na maelezo yetu ya njia, kituo kwa kituo. Akapanda gari akayafuata hayo hayo mpaka mlangoni petu.

Tukampokea. Mchungaji akampa chumba cha nyuma cha ukumbi aweke cherehani. Wanakwaya wakampenda, sauti yake ya pili ilikuwa imenyooka kama uzi.

Sharti lake lilikuwa moja tu.

"Dada, uso wangu usitokee huko. Na jina langu pia. Nakuomba."

"Nimekuelewa," nikamwambia. Nikaapa.

Na sikuvunja! Kila picha aliyotokea niliuziba uso wake kwa ua la njano. Wanakwaya wakawa wanamtania wanamwita Ua. Miezi saba, hakuna picha hata moja iliyopita bila mimi kuikagua.

Basi yule mwanamume alifikaje?

*

Polisi walimchukua ile Jumapili, wakamwonya, jioni wakampandisha basi la kurudi kwake. Kosa lake, walisema, ni kupiga mlango teke.

Fundi na mtoto niliwaleta nyumbani kwangu. Mume wangu akahamia sebuleni bila kuombwa.

Nilipompelekea chai, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu hajavua.

"Uliahidi," akaniambia.

"Na nimetimiza. Nimepitia picha zote sasa hivi. Zote! Uso wako haupo popote."

"Amesema ameniona kwenye blogu."

"Najua alichosema."

"Basi dada, kanionaje?"

Mimi nikikosa jibu huwa natafuta mtu wa kulaumu.

Nikarudi kwenye blogu, safari hii nikaangalia ni nani ameingia na lini. Nenosiri tunalo watu wawili tu, mimi na wifi yangu, dada yake mume wangu. Yeye ndiye anayetupiga picha na kinanda cha kwaya anapiga yeye.

Nikaona. Chapisho la kwaya lilikuwa limebadilishwa Alhamisi, saa nane mchana. Aliyeingia ni wifi.

Damu ikanipanda.

Sasa mnielewe. Huyu wifi yangu ni mtu wa kurusha kila kitu mtandaoni. Akila anarusha, akisuka anarusha. Nikajiambia ameweka picha isiyozibwa, watu wameiona, halafu akaogopa akaiondoa.

Sikumpigia simu. Ningempigia mambo yasingefika yalikofika.

Jumatatu, mapumziko ya mchana, nikaenda moja kwa moja kwenye duka lake la fotokopi. Wateja walikuwa watano wamepanga foleni.

"Umemuuza yule mwanamke!"

Mashine ikawa inaendelea kutoa karatasi, watu wote wamegeuka.

"Wifi, unasemaje?"

"Uliingia kwenye blogu Alhamisi ukaweka picha yenye uso! Kwa ajili ya kusifiwa tu! Sasa mtu anataka kuuawa!"

"Niliingia Alhamisi kurekebisha saa ya mazoezi," akasema polepole. "Uliandika saa tisa. Ni saa kumi."

"Mwongo wewe!"

Jamani... nililisema hilo neno. Kwa mtu aliyewahi kulala nami wodini siku tatu nilipojifungua kitinda mimba wangu.

Akatoa simu yake, akaiweka juu ya kaunta.

"Haya, kagua. Wewe si ndiye karani? Kagua."

Sikukagua. Mteja mmoja, baba mtu mzima, akakohoa akasema, "Mama, na sisi tuna haraka zetu."

Wifi akageukia mashine.

"Nenda, wifi. Kabla sijakukosea heshima."

Nikatoka kichwa juu. Mjinga huwa anatoka hivyo hivyo.

*

Jumanne jioni wazee wa kanisa wakakaa. Niliitwa kama mshtakiwa, kiti kimoja katikati.

Mzee wa Kengele hakupoteza muda.

"Nilisema. Sikusema?"

"Ulisema, mzee."

"Umetangaza ratiba yetu, umetangaza njia yetu, umetangaza nani anaimba na nani anafagia. Mtu akitaka kutudhuru atuulize nini tena?"

Mchungaji alijaribu. "Lakini huyo fundi mwenyewe aliletwa na blogu..."

"Na mumewe vilevile!" akajibu mzee.

Hapo hata mchungaji akafunga Biblia yake.

Wakaamua. Blogu ifutwe kabla ya Jumatano jioni. Yote. Na nenosiri niwakabidhi wao.

Fundi naye alikuwa ameamua la kwake. Kwa kuwa mumewe alikuwa amepandishwa basi, yeye Jumatano mchana angeenda na mume wangu kuchukua cherehani yake kule ukumbini, mtoto akibaki nyumbani na wanangu, halafu ahame. Wapi, hakusema. Sikuwa na haki ya kuuliza.

*

Jumatano saa sita nilijifungia kwenye chumba cha mafaili pale zahanati nikafungua kompyuta. Karani hafuti kitu kabla ya kuweka nakala, ndivyo nilivyofundishwa. Nikaanza kuhifadhi kila kitu, kipande kwa kipande. Mahubiri. Ratiba. Picha.

Nikafika sehemu moja ambayo sikuwa nimeigusa muda mrefu.

Maoni yanayosubiri kibali.

Niwaambie ukweli. Mwanzoni maoni yalikuwa yanatokea yenyewe. Wakaja waganga wa utajiri, wauza dawa za nguvu, watu wa mikopo. Nikaweka utaratibu kwamba hakuna maoni yanayotokea mpaka niyakubali mimi. Wiki ya kwanza nikawa nayasoma. Ya pili nikachoka. Baada ya hapo... basi. Nilikuwa naandika tu. Nikishachapisha nafunga kompyuta napika.

Yalikuwa mia mbili na kumi na nne.

Nikaanza kushuka nayo. Mganga. Mganga. Mkopo. Mganga...

Halafu nikaona hii. Ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma.

"Kwa anayeandika hapa. Mimi ni dada wa mume wa fundi wenu. Kaka yangu ameona picha ya kola ya sare za kwaya. Amesema huu mkono ni wa mke wangu, hakuna mwingine anayefunga pembe hivi. Tafadhali mwambieni aondoke."



Picha ya kola! Nikaifungua.

Ndugu zangu, ile picha niliipiga MIMI.

Sare mpya za kwaya zilikuwa zimekamilika, zimependeza kupita kiasi. Kwenye ncha ya kila kola fundi alikuwa ameweka pembetatu ndogo ya uzi, ndogo kama punje ya mchele, ili kola isijikunje. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Nikasogeza simu karibu, nikapiga. Nikaijaza skrini nzima.

Na chini yake nikaandika kwa mkono wangu huu: "Kazi ya fundi wetu, aliyejiunga nasi miezi saba iliyopita kupitia blogu hii hii!"

Mnajua kwa nini niliandika hivyo? Ili Mzee wa Kengele asome. Nilitaka ajue kwamba blogu inaleta watu. Nilitaka kushinda ubishi.

Uso wake niliuziba. Mikono yake nikaitangaza.

Kulikuwa na ujumbe wa pili wa yule dada, siku tisa nyuma: "Ameanza kuuliza nauli ya kuja huko. Nijibuni jamani."

Wa tatu, Ijumaa: "Anakuja Jumapili. Nimewaandikia mara tatu. Sijui kama kuna mtu anasoma hapa."

Sijui kama kuna mtu anasoma hapa...

Nililia? Sikuwa na muda wa kulia. Maana kulikuwa na wa nne. Wa asubuhi ile ile!

"Hajarudi nyumbani. Alishuka kwenye basi kituo cha pili. Amenipigia leo, anasema Jumatano saa kumi kuna mazoezi ya kwaya, blogu imeandika, na cherehani ya mkewe aliiona ukumbini Jumapili, lazima mke ataifuata. Nimeenda kwenye duka lake la kushona. Mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa haupo. Namba yangu hii hapa. Kwa jina la Mungu, pigeni."

Nikaangalia saa ukutani. Saa saba kasorobo.

Nikampigia fundi. Simu imezimwa, alikuwa ameizima tangu Jumapili.

Nikampigia mume wangu. Ikaita... ikaita... ikakatika.

Nikapiga tena.

"Mama watoto, nimeshika mkokoteni, ongea haraka."

"Uko wapi?"

"Ukumbini. Tunatoa cherehani. Hii kitu ina uzito wa..."

"Iache!"

"Niiache vipi, iko mlangoni..."

"Baba watoto, sikiliza. Yule mtu hakuondoka. Yuko hapa mjini na ana mkasi. Mchukue fundi, piteni mlango wa nyuma, nendeni kituo cha polisi kwa miguu yenu. Usimwambie kitu njiani. Nenda!"

Mume wangu ni mtu wa kuuliza maswali matatu kabla ya kunywa maji. Siku hiyo hakuuliza hata moja.

Nikampigia yule dada. Alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Ni wewe wa blogu?"

"Ni mimi."

Akashusha pumzi, akaanza kulia. "Nilidhani pale hakuna watu."

"Tupo," nikamwambia. Aibu ikanichoma. "Dada, utaweza kuwaambia polisi haya uliyoyaandika?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Miaka minne nimesikia anavyompiga. Chumba changu kimepakana na chao. Nilikuwa naongeza sauti ya redio." Akavuta pumzi. "Nitakuja mwenyewe. Naleta na cheti cha hospitali cha siku alipomvunja mkono. Nilikificha mimi."

Polisi safari hii walinisikiliza. Nilikuwa na karatasi nilizochapisha, tarehe na saa ya kila ujumbe. Wakasema watamsubiri pale pale ukumbini, lakini ukumbi ukionekana umefungwa hatasogea.

"Nani huwa anafungua siku ya mazoezi?" afisa akauliza.



Anayefungua ni wifi.

Nilimpigia.

"Wifi, mimi..."

"Sema shida yako. Samahani itakuja baadaye."

Nikamweleza. Hakunikatiza.

"Nikafungue tu? Nikae?"

"Polisi watakuwa chumba cha nyuma. Lakini wifi, si lazima. Ukikataa hakuna atakayekulaumu..."

"Yule mtoto hunikalia mapajani nikipiga kinanda," akasema. Akakata simu.

*

Saa tisa alifungua madirisha yote kama kawaida. Akaketi kwenye kinanda, mgongo kwa mlango, akaanza kupiga nyimbo za Jumapili, moja baada ya nyingine. Peke yake. Wanakwaya wote tulikuwa tumewazuia.

Mimi nilikuwa kwenye chumba cha nyuma na polisi watatu. Wifi alikosea noti nyingi, na si mtu wa kukosea.

Saa tisa na nusu kivuli kikaingia mlangoni.

"Mama, kwaya haijaanza?" Ile ile sauti ya upole.

Wifi hakugeuka. "Wanakuja. Kaa usubiri."

"Na fundi?"

"Naye anakuja."

Akaketi benchi la mwisho, mfuko wa nailoni mapajani. Wifi akaendelea kupiga. Nilihesabu mistari miwili ya wimbo. Polisi wakatoka.

Kwenye mfuko kulikuwa na mkasi, umefungwa kwa kitambaa safi, umenolewa juzi juzi.

Alipopita karibu yangu na pingu, hakunishukuru tena.

*

Jioni nikakaa na fundi. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kulainisha. Yakanitoka kichwani yote.

"Ni mimi," nikasema. "Si wifi. Si mtu mwingine. Ni ile picha ya kola, niliipiga mimi na nikaandika mimi."

Akaomba aione. Akaikuza kwa vidole mpaka pembetatu ikajaa skrini.

"Ile pembetatu alinifundisha yeye," akasema. "Wakati tunaanza. Kabla hajawa hivi."

Kisha akanirudishia simu.

"Ungeniuliza tu, dada. Ulikuwa unaniona kila siku. Ungeniuliza."

Hakupandisha sauti. Angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko vile.

Kesho yake yule dada akafika, na maelezo yake yakaandikwa polisi kurasa sita. Yeye na fundi walikumbatiana. Kesi ilifunguliwa. Fundi aliondoka hata hivyo. Alisema kuta zile mumewe ameshazijua.

Jumapili nikasimama mbele. Niliomba dakika tatu, nikatumia mbili. Nikasema kosa langu lote, na nikamwomba wifi yangu msamaha pale pale kanisani, kwa sababu nilimtukana mbele za watu.

Alijibu kutoka kwenye kinanda. "Nimekusamehe. Lakini dukani pia utakuja kusema. Wateja wangu wale watano niliwaandika majina."

Kanisa likacheka. Nami nikacheka huku nalia. Na dukani nikaenda, Jumatatu, nikasema mbele ya foleni nyingine kabisa isiyojua naongelea nini.

Ilibaki hukumu ya blogu. Nilitoa nenosiri nikamkabidhi Mzee wa Kengele.

"Nimeweka nakala, mzee. Ifute sasa hivi ukitaka. Lakini kabla hujafuta, soma hizi."

Nikampa karatasi. Kati ya yale maoni mia mbili na kumi na nne, thelathini na moja yalikuwa ya watu. Watu kweli! Kijana aliyeuliza kama anaweza kubatizwa ingawa baba yake hataki. Mama aliyesoma mahubiri ya msamaha akampigia dada yake baada ya miaka tisa. Muuguzi wetu mstaafu, kila wiki, anaandika "Amina, nimesoma" kwa kidole kimoja, na kila wiki mimi simjibu.

Na baba mmoja wa mtaa wa pili, aliyeandika mwezi wa tano: "Naumwa, naishi peke yangu. Kama kuna mtu anaweza kuja kuniombea, nyumba ni ya geti la bluu." Mchungaji alikwenda siku ile ile niliyomwonyesha. Majirani wakamwambia amezikwa mwezi wa saba.

Mzee alisoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kumbe walikuwa wanatuita," akasema.

Hakuifuta. Sasa maoni anayasoma yeye, kila asubuhi saa mbili, na anajibu kwa kidole kimoja, barua nzima, kuanzia "Salamu katika jina la Bwana" hadi hali ya hewa. Waganga pia anawajibu. Anawakaribisha ibadani!

Njia, saa za ibada na matangazo ya misiba bado tunaweka, maana yanasaidia. Lakini hakuna mtu, wala kazi ya mtu, wala mlango wa nyumba ya mtu unaowekwa kabla mwenyewe hajaonyeshwa na kusema ndiyo. Na ratiba ya mazoezi ya kwaya tumeiondoa kabisa.

Wewe unayeandika blogu ya kanisa lako, ya shule, ya kikundi, sikiliza nikwambie bila kupamba. Inafaa, tena inafaa sana, usiache. Ila usiandike ili ubishane na mzee wako ushinde. Na usiwe mtu wa kusema tu. Kuna mtu huko chini ya maandishi yako anakuandikia mara nne, na wewe umefunga kompyuta unapika.

Haya niliyoyaandika leo, niliyatuma kwanza kwa fundi kupitia yule dada. Yalikaa siku tano bila jibu. Siku ya sita yakarudi, amefuta sehemu mbili, na chini ameandika neno moja.

"Weka."

Nimeweka. Hizo sehemu mbili sikuuliza kwa nini amezifuta.